Jeshi limepata wapi namba ya simu ya mwanangu?

Swali: "Mimi ni mama wa watoto watano, tunaishi Houston, Texas. Tulitoka Uvira, Kongo, tukakaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na hapa Marekani tuna miaka minne. Mwanangu wa pili ana miaka 16, yuko darasa la 11. Wiki iliyopita mtu alipiga simu yangu, akamtaja mwanangu majina yote mawili, akasema yeye ni wa jeshi na anataka kuongea naye kuhusu maisha yake baada ya shule. Mwanangu anasema hajampa mtu yeyote namba. Je, ni shule iliyoitoa? Wana haki hiyo? Tena shuleni wametangaziwa mtihani wa jeshi. Huko kwetu tuliona watoto wa shule wakichukuliwa, kwa hiyo sasa silali. Nifanye nini?"

Jibu: Mama, pole. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Hakuna atakayekuja nyumbani wala shuleni kumchukua mwanao. Marekani iliacha kuita vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973, na tangu hapo kila askari wake anaingia kwa kusaini mkataba. Mtoto wa miaka 16 hawezi kuusaini hata akitaka. Akifika miaka 17 anaweza, ila kwa saini ya wazazi wake. Akitimiza 18 anajiamulia mwenyewe.

Najua unatoka wapi na hofu hiyo. Mtu wa Uvira aliyewaona kadogo, wale watoto askari wa 1996 na 1997, wakipita na bunduki ndefu kuliko wao hawezi kusikia neno jeshi na neno shule katika sentensi moja akabaki ametulia. Lakini fahamu kwamba Kongo na Marekani zote zimeridhia itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu watoto katika vita. Itifaki hiyo inasema nchi ikikubali kijana wa chini ya miaka 18 ajiunge kwa hiari, lazima wazazi wake waridhie wakiwa wanaelewa wanachokiridhia. Marekani iliweka kiwango chake kuwa miaka 17. Kwa hiyo mpaka siku anatimiza 18, hakuna mkataba bila kalamu yako.

Sasa habari ya namba. Ndiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba imetoka shuleni, na shule haikuvunja sheria. Imeitii.

Mwaka 2002 Rais George W. Bush alisaini sheria kubwa ya elimu. Ndani yake mlikuwa na kifungu kifupi ambacho wazazi wengi hawakukisikia kabisa: shule ya sekondari inayopokea fedha za elimu za serikali kuu lazima iwape waandikishaji wa jeshi, wakiomba, majina, anwani na namba za simu za wanafunzi. Aliyekisukuma ni David Vitter, wakati huo mbunge wa Louisiana, akilalamika kwamba shule nyingi zilikuwa zinawafungia waandikishaji mlango huku zikipokea fedha za umma. Sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho chini ya Rais Barack Obama mwaka 2015, kifungu kilibaki, sasa kikiwa sehemu ya 8528 ya sheria ya elimu ya msingi na sekondari. Kuna kifungu kinachofanana nacho katika sheria za jeshi lenyewe, nacho kimeongeza barua pepe ambayo mwanafunzi amepewa na shule. Shule ikikaidi, inahatarisha fedha zinazolipia walimu na programu za watoto wa familia zenye kipato kidogo, yaani fedha zilezile zinazowasaidia watoto wetu. Ndiyo maana usitegemee mwalimu mkuu akatae kwa niaba yako, hata akiwa mtu mwema.

Ila sheria hiyohiyo imempa mzazi haki ya kukataa. Mzazi akiandika kwamba hataki taarifa za mtoto wake zipewe jeshi bila idhini yake ya maandishi, shule inatakiwa kumwondoa mtoto huyo kwenye orodha. Na shule inatakiwa kuwaarifu wazazi kwamba haki hiyo ipo.

Hapa ndipo penye shida, nami sitaificha. Mzazi asiyeandika anahesabiwa amekubali. Shule haziruhusiwi hata kuugeuza utaratibu zikaanza kwa kuomba idhini. Sheria ya 2015 imekataza hilo waziwazi. Na ile taarifa ya haki yako huwa iko wapi? Mara nyingi imo ndani ya kitabu cha kanuni za shule, au katikati ya fomu nyingi za mwezi Agosti, pamoja na ya chakula, ya basi, ya chanjo na ya picha. Mama anayesoma Kiingereza vizuri huipita bila kuiona. Mama aliyefika juzi kutoka Nyarugusu, anayefanya kazi zamu ya usiku, anaziweka saini zote kwa mkupuo ili mtoto asikose basi, kisha serikali inasema amekubali. Kwangu mimi huo si utaratibu wa haki. Ridhaa ya mtu asiyejua ameulizwa nini si ridhaa. Lakini kwa kuwa ndivyo sheria ilivyo, dawa yake ni karatasi, na karatasi hiyo lazima iwe yako wewe. Sheria ya 2002 ilimruhusu hata mwanafunzi mwenyewe kuandika kwamba anakataa. Ya 2015 inataka mzazi aandike, mpaka mtoto atimize 18. Mwanao hawezi kukufanyia hili.

Kabla sijakuambia cha kuandika, nikutoe wasiwasi mmoja ambao hukuutaja lakini wazazi wengi huja nao. Sheria hii inawapa jeshi jina, anwani, simu na barua pepe ya shule. Haiwapi alama za darasani, wala kesi za nidhamu, wala rekodi za afya, wala habari za hadhi yenu ya uhamiaji. Kukataa hakuandikwi popote kama kosa, hakugusi kadi yenu ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, wala maombi ya uraia. Wamarekani waliozaliwa hapa, wakiwemo watoto wa wanajeshi, huikataa orodha hii kila mwaka.

Nenda ofisi ya shule uombe fomu ya kukataa taarifa kupewa jeshi. Wakikuambia hawana, au wamwite mtu ambaye hajui unachosema, usirudi nyumbani mikono mitupu. Andika barua yako mwenyewe, inatosha. Iseme hivi: "Mimi ni mzazi wa fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, wa darasa la 11. Kwa mujibu wa sehemu ya 8528 ya sheria ya elimu ya msingi na sekondari, naomba jina, anwani, namba za simu na barua pepe ya mwanangu visitolewe kwa waandikishaji wa jeshi bila idhini yangu ya maandishi. Sizuii taarifa hizo kupewa vyuo." Tia tarehe na saini, toa nakala, na waombe wagonge muhuri au waandike tarehe ya kupokea kwenye nakala utakayobaki nayo. Barua iwe ya Kiingereza ili isikae mezani ikisubiri mtu wa kuisoma. Una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na shule haipaswi kumtumia mwanao akutafsirie jambo linalomhusu yeye mwenyewe.

Ile sentensi ya mwisho kuhusu vyuo usiiache. Kifungu hiki kinawapa vyuo vikuu haki ileile waliyo nayo jeshi, na fomu za wilaya nyingine zina kisanduku kimoja tu kinachofunga vyote viwili. Zaidi ya hapo iko sheria nyingine, ya mwaka 1974, kuhusu siri za rekodi za wanafunzi, ambayo inamruhusu mzazi kuzuia taarifa zote za jumla zisitolewe kwa mtu yeyote. Mzazi akiweka alama huko kwa hasira, jina la mtoto linaweza kukosekana kwenye kitabu cha picha cha mwaka, kwenye orodha ya waliofaulu vizuri, hata kwenye orodha ya chuo kinachotafuta vijana wa kuwapa ufadhili. Mtoto wa mkimbizi anayekaribia kumaliza shule anahitaji barua za vyuo. Funga pale unapotaka kufunga tu.

Kama shule imeweka mwisho wa kupokea fomu na umeshapita, peleka barua hata hivyo. Orodha iliyokwisha kutolewa hairudishwi, lakini waandikishaji huomba tena, na safari hiyo jina lisiwepo. Wilaya nyingi zinataka barua mpya kila mwaka wa shule, kwa hiyo Agosti ijayo iandike tena, pamoja na ya wadogo zake watakaokuwa wameingia sekondari.

Shule si njia pekee, mama. Ukipeleka barua leo na simu ikalia tena mwezi ujao, usidhani wamekudanganya. Wizara ya Ulinzi ina hifadhidata yake ya vijana kuanzia miaka 16, inayosimamiwa na ofisi iitwayo JAMRS. Wananchi wengi waliigundua mwaka 2005, na mwaka uliofuata watetezi wa haki za raia wa New York waliipeleka mahakamani. Mwaka 2007 yalifikiwa maafikiano: wizara ikaacha kukusanya namba za hifadhi ya jamii za vijana, na ikakubali kutokaa na taarifa zao zaidi ya miaka mitatu. Majina yanatoka kwenye ofisi za leseni za udereva za majimbo, kwa kampuni zinazouza orodha za watu, na kwenye idara ya Selective Service. Huko nako unaweza kukataa: unaiandikia JAMRS jina kamili, anwani na tarehe ya kuzaliwa, ukiomba aondolewe kwenye orodha za kampeni.

Hiyo Selective Service ni kitu kingine, usiichanganye na haya. Ni daftari la wanaume wa miaka 18 hadi 25 ambao serikali ingeweza kuwaita kama siku moja Kongresi ingerudisha jeshi la lazima. Linawahusu pia wakimbizi na wenye kadi ya kijani. Mwanao akitimiza 18 asilikwepe hata kidogo. Kijana asiyekuwemo anaweza kukwama baadaye anapoomba uraia. Kuwa kwenye daftari hilo si kujiunga na jeshi. Barua uliyopeleka shuleni haimwondoi humo, na haikusudiwi kumwondoa.

Kisha iko njia ambayo vijana wenyewe huifungua bila kujua. Meza ya jeshi kwenye bwalo la chakula au siku ya ajira, penye shindano la kupiga pushapu na fulana ya bure kwa atakayejaza kadi. Mchezo wa kwenye simu unaoomba namba ili upate zawadi. Tovuti ya mazoezi ya mitihani. Muulize mwanao bila kumgombeza kama amewahi kujaza kitu cha namna hiyo. Akiwa amejaza, amewapa ruhusa yeye mwenyewe, na barua yako haifiki huko.

Tuje kwenye huo mtihani. Unaitwa ASVAB, na ndio jeshi linaoutumia kupima wanaotaka kujiunga. Umekuwa ukitolewa shuleni tangu 1968, mara nyingi kwa jina la programu ya kutafuta kazi inayomfaa kijana. Kwako Texas sheria ya 2017 inazitaka shule za umma ziwape wanafunzi wa darasa la 10 hadi la 12 nafasi ya kuufanya, au mwingine unaofanana nao, kila mwaka. Angalia neno hilo, nafasi. Kutolewa ni lazima kwa shule. Kuufanya si lazima kwa mtoto. Mwalimu akisema darasa zima liende maktaba Jumanne, unayo haki ya kuandika kwamba wako abaki darasani.

Mtihani huo nakutaka uutazame kwa makini kuliko hata simu, kwa sababu unapita nje ya barua yako. Karatasi ya majibu inachukua jina, anwani, simu na mipango ya mtoto baada ya shule, na mwanafunzi anatia saini ya kuruhusu matokeo yatumike. Shule, inapoupanga, huchagua moja kati ya njia kadhaa za kutoa matokeo. Ya nane, wanayoiita chaguo la 8, inayabakiza shuleni bila kuwafikia waandikishaji. Jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 2010 ya kuzilazimisha shule zake zote zitumie njia hiyo. Mahali pengine pengi uamuzi ni wa shule au wilaya, si wa mzazi mmojammoja. Kwa hiyo muulize mshauri wa wanafunzi swali moja tu: mmechagua chaguo la ngapi? Asipojua, au akitaja namba nyingine, basi amua kama mwanao aufanye au asiufanye. Wenyewe si mtihani mbaya. Wapo vijana waliojifunza kupitia huo kwamba wana kipaji cha ufundi. Kinachonihangaisha ni kwamba mtoto anadhani anapima kipaji, kumbe pia anaweka alama zake mikononi mwa mtu mwenye lengo la kutimiza.

Na hao watu wana lengo kweli, ujue. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu lilitaka askari wapya 60,000 likapungukiwa na kama 15,000. Mwandikishaji aliyekupigia ni mwajiriwa anayepimwa kwa idadi ya vijana anaowapata. Si adui yako, na wengi wao ni watu wa heshima. Ila ukizungumza naye kumbuka kazi yake ni ipi.

Atakachokuambia kwanza, akijua mmetoka Kongo, ni uraia. Ni kweli kwamba askari mwenye kadi ya kijani anaweza kuomba uraia haraka kuliko mwenye kadi wa kawaida anayesubiri miaka mitano. Pia ni kweli kwamba mkimbizi ambaye bado hajapata kadi hiyo haruhusiwi kujiunga kabisa. Lakini sikiliza hesabu yenu. Kwa mkimbizi, miaka mitano huhesabiwa tangu siku mlipoingia nchini, na maombi yanaweza kupelekwa siku 90 kabla haijatimia. Ninyi mna miaka minne. Wewe au baba yake mkila kiapo cha uraia kabla mtoto hajatimiza 18, naye akiwa na kadi ya kijani na akiishi nanyi, anakuwa raia siku hiyohiyo kwa sheria, bila ombi lake mwenyewe, bila bunduki. Pamoja naye wadogo zake wote. Mwanao ana 16. Muda upo, ila si mwingi, kwa sababu maombi huchukua miezi. Wiki hii nenda ofisi ya shirika lililowapokea au wakili wa uhamiaji wa msaada, uanze kukusanya karatasi. Kati ya yote ninayokuandikia, hili ndilo ningelifanya kwanza.

Jambo la pili atakalolitaja ni ada ya chuo. Nalo ni la kweli, faida za masomo kwa askari waliomaliza muda wao vizuri ni kubwa. Mkataba wenyewe, hata hivyo, ni wa miaka minane kwa jumla, hata pale kijana anapoambiwa ni mitatu au minne. Miaka inayobaki yuko kwenye jeshi la akiba, na anaweza kuitwa. Ahadi ya mdomo haina nguvu. Kazi atakayofundishwa, fedha ya kujiungia, ada, vyote viwe vimeandikwa ndani ya mkataba. Vijana wengi husaini wakiwa bado shuleni na kuwekwa kwenye mpango wa kusubiri mpaka mwaka mzima kabla ya kwenda mafunzoni. Katika kipindi hicho wengine hubadili mawazo, wakaambiwa watakamatwa. Si kweli. Aliye kwenye kusubiri anaweza kujitoa kwa barua kabla ya siku ya kuondoka.

Nimeandika kana kwamba mwanao hataki. Hujaniambia anataka nini, na huenda hujamuuliza. Muulize. Kama ndani yake kuna hamu ya uaskari, barua ya shule haitaizima, nawe hutamzuia akifika 18. Mweleze ulichokiona Uvira, si kwa kumtisha, bali kwa sababu mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mara nyingi hajui kwa nini mama yake hushtuka. Kisha msikilize. Ukimkataza tu, atazungumza na yule mtu akiwa peke yake. Akitaka kukutana naye, mkubaliane kwamba wewe uwepo, na mkalimani awepo, na hakuna kinachosainiwa siku hiyo.

Simu ikilia tena kabla hujamaliza haya, muulize jina lake, cheo chake na kituo anachofanyia kazi, uandike. Mwambie mtoto ana miaka 16, wewe ndiye mzazi, na hutaki apige tena namba hii. Useme hivyo kwa Kiingereza chako ulicho nacho, au kwa Kiswahili umpe mtu akusemee, huna la kujieleza zaidi. Akiendelea kupiga, mpigie mkuu wa kituo chake ukiwa na jina hilo mkononi, na umjulishe mwalimu mkuu pia.